Kuwinda kwa Picha

Tangu zamani za kale wanadamu wamewinda wanyama. Waliwinda kwa ajili ya chakula, kwa ajili ya ngozi na pembe, na kwa ajili ya kulinda mashamba na mifugo yao. Katika nchi ya Usukuma, upande wa kusini wa Ziwa Victoria, mwindaji alikuwa mtu wa heshima. Walikuwako hata wawindaji wa nungunungu, mnyama aharibuye mashamba wakati wa usiku. Hao walikuwa na chama chao, na ngoma yao, na nyimbo zao. Kazi yao ilikuwa ya hatari, maana mtu aliingia shimoni mwa mnyama kwa kutambaa, gizani, asijue kama atakutana na miiba ya nungunungu au na nyoka.

Mwindaji wa namna hiyo alirudi kijijini na vitu viwili: nyama na habari. Nyama ililiwa ikaisha. Habari ilibaki, ikasimuliwa, ikaimbwa, ikachezwa ngomani, hata watoto waliozaliwa baadaye wakaijua. Siku hizi yuko mwindaji mwingine ambaye hurudi na habari tu, bila ya nyama. Silaha yake ni kamera. Humfuata mnyama kwa nyayo, humvizia, humlenga, na mwisho humpata. Lakini akiisha kumpata, mnyama huenda zake mzima. Kazi hii huitwa kuwinda kwa picha.

Wako watu wadhanio ya kuwa kazi hii ni mchezo mwepesi, kwa kuwa kamera haina risasi wala haina mshindo. Sivyo hata kidogo. Mwenye bunduki aweza kumpiga mnyama aliye mbali sana, akamwona kama alama ndogo tu. Mwenye kamera hana budi kukaribia zaidi, na kuchagua nuru, na kungoja mnyama ageuke, na kuonyesha pia mahali alipo, kama ni mlimani au bondeni au kando ya maji. Basi yampasa kujua yote ayajuayo mwindaji wa kale, na mengine juu yake. Ili jambo hili lifahamike, yafaa kwanza kuijua kamera yenyewe.

Kamera ni sanduku lenye giza ndani. Mbele ina lenzi, yaani kioo kilichochongwa kwa ufundi ili kukusanya nuru. Pana na kilango kidogo kinachofunguka na kufungika upesi, ili nuru iingie kwa kipimo. Na huko nyuma, gizani, pana kitu cha kuipokea nuru ile. Zamani kitu hicho kilikuwa kioo kilichopakwa dawa. Baadaye ikawa filamu, yaani utepe mwembamba uliopakwa dawa vilevile. Siku hizi, hata katika kamera ndogo iliyomo ndani ya simu, ni kidude kinachogeuza nuru kuwa umeme. Vyombo vimebadilika, lakini kazi ni ile ile: nuru hutoka kwenye jua, hupiga mwilini mwa mnyama, huruka kutoka hapo na kuingia katika sanduku, nayo huacha alama yake.

Ufundi huu ulitangazwa kwa watu wote nchini Ufaransa mwaka 1839, na aliyejulikana zaidi kwa kuuvumbua ni mtu aliyeitwa Daguerre. Lakini dawa za siku zile zilikuwa nzito kupokea nuru. Mtu aliyetaka kupigwa picha alilazimika kukaa kimya kabisa, na mara nyingine kichwa chake kilizuiwa kwa chuma kutoka nyuma ili asitikisike. Akitikisika, picha ilitoka kama ukungu. Sasa, nani awezaye kumwambia nyati au simba akae kimya?

Hii ndiyo sababu moja kubwa ya jambo ambalo kila mtu huliona katika vitabu vya zamani vya safari. Picha za uwindaji wa siku zile karibu zote zafanana: mtu amesimama na bunduki yake, na miguuni pake pamelala mnyama aliyekufa. Watu husema ya kuwa wawindaji wale walipenda majivuno, na pengine ni kweli. Lakini ni kweli pia ya kuwa kamera zao hazikuweza zaidi. Mnyama aliye hai hukimbia, na mnyama aliyekufa hutulia. Basi kwa muda wa miaka mingi kamera ilifuata nyuma ya bunduki, ikafika baada ya kazi kwisha.

Wasafiri wa kwanza wa Ulaya waliofika kando ya Ziwa waliijua shida hii. Speke alipofika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, mambo aliyoyaona watu waliyajua kwa maandishi yake na ramani yake. Alipokwenda tena mwaka 1860 alifuatana na Grant, naye Grant alichukua kamera. Alipiga picha Unguja. Lakini kuzitengeneza picha kwa dawa ndani ya hema lililofungwa, katika joto la Afrika, kulimshinda. Akaiacha kamera, akashika kalamu na rangi, akachora kwa mkono watu na nchi na miti aliyoiona.

Baada ya hapo mafundi walivumbua vioo vikavu, ambavyo dawa yake ilipokea nuru upesi zaidi na ambavyo viliweza kuchukuliwa safarini vikiwa tayari. Ndipo kamera ilipoanza kumkaribia mnyama aliye hai. Huko Marekani, mtu mmoja jina lake George Shiras, aliyekuwa mwindaji tangu ujana wake, aliiweka bunduki kando akaanza kuwavizia kulungu usiku. Alikwenda ziwani kwa mashua polepole, akiwa na taa mbele, na kulungu waliokuwa wakinywa maji waliinua vichwa kuitazama taa ile. Mara Shiras aliwasha unga wa magnesi, ambao huwaka kwa nuru kali kama umeme wa radi, na picha ikapigwa. Mwaka 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74 kwa mara moja, na watu wakastaajabu, maana hawakuwa wamewahi kuona wanyama wa usiku wakiwa katika shughuli zao.

Miaka hiyo hiyo Mjerumani mmoja, Carl Georg Schillings, alifanya kazi kama hiyo katika nchi ambayo leo ni Tanzania, katika mbuga zilizo karibu na Kilimanjaro. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905, nacho kilikuwa na picha za simba na fisi zilizopigwa usiku kwa unga wa magnesi. Schillings alikuwa na bunduki pia, tena aliua wanyama wengi. Lakini kadiri alivyowatazama ndivyo alivyozidi kuona ya kuwa wanaisha, akawa mtu wa kuomba walindwe. Tena ni haki kueleza jinsi alivyozipata baadhi ya picha zake: alimfunga punda au ng'ombe awe chambo, na simba alipokuja kumkamata, kamera ilikuwa tayari. Yeye mwenyewe alieleza hivyo, wala hakuficha. Neno hili la kutoficha lina maana kubwa, nalo litaelezwa zaidi hapa mbele.

Kupita wote hao, maisha ya Carl Akeley, Mmarekani, yaonyesha vizuri jinsi bunduki na kamera zilivyoshindana katika moyo wa mtu mmoja. Akeley alizaliwa mwaka 1864. Kazi yake ilikuwa kukusanya wanyama kwa ajili ya nyumba za makumbusho, kuzitengeneza ngozi zao, na kuzisimamisha tena hata zionekane kama wanyama hai. Kwa kazi hiyo aliua tembo na wanyama wengine wengi wa Afrika, na mara mbili alikaribia kuuawa nao: mwaka 1896 chui alimrukia katika nchi ya Wasomali, na mwaka 1910 tembo alimponda karibu na mlima Kenya.

Katika safari yake ya miaka 1909 hadi 1911 Akeley alitaka kupiga picha za sinema za Wanandi wakiwinda simba kwa mikuki. Wanandi walikuwa hodari sana katika kazi hiyo. Walimzunguka simba, na duara ikazidi kuwa ndogo, hata simba alipoona hana njia akamrukia mmoja wao. Hapo mikuki ilitupwa kutoka pande zote, na mambo yote yakaisha kwa muda mfupi sana. Lakini kamera ya sinema ya siku zile ilikuwa kitu kizito. Mpiga picha alizungusha mpini mmoja ili filamu ipite, na mpini wa pili ili kamera igeuke upande, na wa tatu ili iinuke au iiname. Kabla hajamaliza kuzungusha, simba amekwisha kufa. Kazi ile ikamshinda Akeley.

Mtu mwingine angelaumu bahati yake. Akeley aliporudi kwao aliketi na kuunda kamera mpya, ambayo mtu mmoja aliweza kuigeuza upesi pande zote, juu na chini, kama mtu ageuzavyo kichwa chake. Mwaka 1915 serikali ya Marekani ilimpa hati ya uvumbuzi huo.

Kwa kamera hiyo, mwaka 1921, alipanda mlima Mikeno, mmoja wa milima ya moto ya Virunga iliyo mpakani mwa Kongo, Rwanda na Uganda. Mlima huo una urefu wa zaidi ya mita 4,400. Mitelemko yake ni mikali, ina mianzi na magugu marefu, na mvua na ukungu havikomi kwa siku nyingi. Akeley aliwatafuta gorila wa milimani, ambao Wanyarwanda huwaita ingagi. Siku zile watu wa Ulaya na Marekani waliamini ya kuwa gorila ni mnyama mkatili asiyeweza kukaribiwa na mtu. Akeley na wenzake waliua gorila watano kwa ajili ya makumbusho ya New York. Katika safari hiyo hiyo Akeley aliweka kamera yake mtelemkoni, akapata picha za sinema za gorila walio hai, wakiwa katika mlima wao wenyewe. Picha kama hizo hazikuwa zimepatikana kabla ya siku hiyo.

Alipowaona hivyo, moyo wake uligeuka. Aliwaona ni wanyama wapole wanaokaa na watoto wao, wala si wakatili. Baadaye aliandika ya kuwa, alipomtazama mmoja wa wale aliowaua, alijiona karibu kama mwuaji wa mtu. Basi aliiomba serikali ya Ubelgiji, iliyotawala Kongo wakati ule, iifunge milima ile kwa wawindaji. Mwaka 1925 Mfalme Albert wa Ubelgiji alitangaza mahali pale kuwa hifadhi ya taifa, nayo ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika. Leo huitwa Hifadhi ya Virunga.

Mwaka 1926 Akeley alirudi Mikeno, safari hii pamoja na mchoraji, William Leigh, ili achore sura ya nchi: milima, ukungu, miti na magugu. Maana Akeley aliona ya kuwa kumwonyesha mnyama bila ya kuonyesha mlima wake ni kusema nusu ya neno. Lakini Akeley aliugua, akafa hapo mlimani mwezi wa Novemba 1926, akazikwa mtelemkoni mwa Mikeno. Kazi yake ilimalizwa na wenzake, na ukumbi wake katika makumbusho ya New York ulifunguliwa mwaka 1936. Gorila wa milima ya Virunga waliendelea kupata taabu kwa vita na kwa mitego ya watu, hata katika hesabu ya mwaka 1981 walionekana karibu 250 tu. Lakini ulinzi ulizidi, na hesabu iliyomalizika mwaka 2016 iliwaona 604. Wale walio katika msitu wa Bwindi, nchini Uganda, hawamo katika hesabu hiyo.

Hata upande wa mashariki wa Ziwa Victoria jambo kama hili lilitokea. Hifadhi ya Serengeti, ambayo mkono wake wa magharibi hufika karibu na maji ya Ziwa, ilikuwa mahali pa wawindaji wa simba. Motokaa zilipofika huko katika miaka baada ya 1920, wako waliowapiga simba risasi wakiwa wameketi ndani ya motokaa. Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekuwa mwenyewe kiongozi wa safari za uwindaji katika Kenya, alichukizwa na jambo hilo, akaandika katika gazeti la The Times la London kulilaumu, akawashauri watu wachukue kamera badala ya bunduki. Simba wa Serengeti, alisema, hawakuogopa motokaa. Kwa hiyo kumpiga simba kama huyo hakukuwa uwindaji tena. Mwaka 1951 Serengeti ikawa hifadhi ya taifa, na leo watu kutoka nchi zote za dunia huja na kamera zao. Fedha wanazolipa husaidia kuwalipa askari wa wanyama. Simba aliyepigwa risasi humpa mtu mmoja ngozi moja. Simba aliyepigwa picha leo aweza kupigwa picha tena kesho na mtu mwingine.

Haya yote hayana maana ya kuwa kila mwindaji wa kale alikuwa mwovu. Mtu aliyeingia shimoni kumtafuta nungunungu alilinda shamba la watoto wake. Wala si kusema ya kuwa kila mwenye kamera ni mwema, kwa maana kamera nayo yaweza kusema uongo.

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani, alikuja Afrika ya Mashariki kuwinda pamoja na Kermit, mwanawe. Katika safari ile, iliyopita Kenya, ikavuka Ziwa Victoria kutoka Kisumu hadi Entebbe, ikaendelea hata Sudani, baba na mwana waliua wanyama zaidi ya 500. Watu wa Marekani walitamani sana kuyaona mambo hayo. Basi tajiri mmoja wa sinema katika mji wa Chicago, William Selig, hakungoja. Alimtafuta mtu aliyefanana na Roosevelt, akajenga pori la uongo mjini, akanunua simba mzee, naye simba akapigwa risasi mbele ya kamera. Filamu ikatolewa mwaka huo huo wa 1909, na watu wengi wakadhani wanaiona Afrika. Mwaka uliofuata ilitoka filamu ya kweli, iliyopigwa na Mwingereza Cherry Kearton aliyemkuta Roosevelt huku huku Afrika. Lakini filamu ya kweli haikuwa na simba arukaye na kuuawa, na watazamaji wengi wakapenda ile ya uongo.

Ndiyo sababu mwindaji wa picha hupimwa kwanza kwa ukweli wake. Schillings alipomfunga punda, alisema nimemfunga punda. Picha ya mnyama aliye kizuizini si aibu, ikiwa mpigaji asema ya kuwa mnyama huyu yuko kizuizini. Aibu ni kumpiga picha simba wa kizuizini na kuandika chini yake ya kuwa alikutwa porini. Siku hizi, ambapo mtu aweza kwa simu tu kumwondoa mnyama mahali hapa na kumweka mahali pale katika picha, neno hili lina nguvu kuliko siku za Selig.

Baada ya ukweli huja ufundi, na ufundi huu waweza kujifunzwa hata mbali na mbuga kubwa. Mahali pazuri pa kuanzia ni mtaa wa Igogo mjini Mwanza. Igogo ni kando ya Ziwa, na nyumba zake zimepanda kilimani kati ya mawe makubwa, mengine yamekaa juu ya mengine kana kwamba yamepangwa kwa mkono. Juu ya mawe kama hayo hukaa mjusi ambaye wenyeji humwona kila siku bila ya kumjali. Dume ana kichwa na mabega mekundu, na mwili wake ni wa buluu. Mwaka 1923 mtaalamu Arthur Loveridge alimwandika katika vitabu vya elimu, na jina alilompa, Agama mwanzae, latokana na jina la Mwanza. Basi mtoto wa Igogo anaye mnyama mwenye jina la mji wake mlangoni pake.

Mtoto atakaye kumpata mjusi huyo kwa picha, kwa kamera au kwa simu ya mzazi wake, hana budi kufuata sheria zile zile alizozifuata Akeley mlimani Mikeno.

Sheria ya kwanza ni kumjua mnyama kabla ya kumfuata. Mjusi hana joto la kutosha mwilini mwake. Hulipata kwa jua. Kwa hiyo asubuhi hutoka akaota jua juu ya jiwe, na wakati huo si mwepesi sana. Jua likiwa kali hukimbia kama mshale. Tena dume hurudi mara kwa mara juu ya jiwe lile lile, akitikisa kichwa juu na chini ili kuwaonya madume wengine wasikaribie. Atazamaye siku tatu bila ya kamera atajua jiwe hilo ni lipi, naye siku ya nne ataketi karibu nalo kabla mjusi hajafika.

Sheria ya pili ni nuru. Nuru ya adhuhuri hutoka juu kabisa. Hufanya vivuli vyeusi na kuondoa uzuri wa rangi. Nuru ya asubuhi na ya alasiri hutoka upande, nayo huonyesha kila gamba na kila ufa wa jiwe. Huko Igogo jua huchomoza nyuma ya vilima na kutua upande wa Ziwa. Basi mawe yatazamayo Ziwa hupata nuru nzuri wakati wa alasiri, na yale ya upande wa pili huipata asubuhi.

Sheria ya tatu ni upepo. Mjusi hategemea sana harufu ya mtu, lakini wanyama wengi wa porini humnusa mwindaji kabla ya kumwona. Kando ya Ziwa upepo una desturi yake, na wavuvi waijua vema. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, hewa yake hupanda juu, na hewa ya Ziwa huja kushika mahali pake. Kwa hiyo upepo huvuma kutoka majini. Usiku nchi hupoa upesi kuliko maji, na upepo hugeuka ukavuma kuelekea Ziwani. Mwindaji mwenye akili humkaribia mnyama huku upepo ukimpiga usoni, ili harufu yake ichukuliwe nyuma.

Sheria ya nne ni subira. Mwenye pupa huinuka upesi, kivuli chake humwangukia mnyama, na kazi ya saa mbili hupotea mara moja. Afadhali kukaa chini, na kusogea kidogo, na kutulia tena, hata mnyama amzoee kama jiwe mojawapo.

Sheria ya tano ni kumwacha mnyama kama alivyokutwa. Si vizuri kuziba njia ya shimo lake, wala kumrushia mawe ili ageuke, wala kumfukuza mama aache watoto wake. Wageni waendao kuwatazama gorila hukaa nao kwa muda wa saa moja tu, hukaa mbali kidogo, na hufunika pua na mdomo, kwa kuwa ugonjwa wa mtu huweza kumwua gorila. Picha iliyopatikana kwa kumdhuru mnyama haina tofauti kubwa na risasi.

Mwanafunzi akiisha kujizoeza kwa mjusi, aweza kuendelea na mnyama mkubwa zaidi. Katika Ziwa, karibu na mji, kipo kisiwa cha Saanane, kilichoitwa kwa jina la mzee aliyekaa huko zamani, naye alikuwa mvuvi. Mwaka 1964 kisiwa kilifanywa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Huko hukaa swala pala, na mamba, na pimbi kati ya mawe. Pimbi ni mdogo kama sungura, lakini wataalamu humhesabu kuwa ndugu wa tembo. Naye huota jua asubuhi kama mjusi, huku mmoja wao akikaa juu ya jiwe kuwa mlinzi. Akiona tai hupiga kelele, na wote hutoweka katika nyufa. Kitabu cha Mithali katika Biblia kinamtaja, kwa jina la wibari, kati ya viumbe vidogo vyenye akili nyingi. Mpiga picha ampatae mlinzi huyo juu ya jiwe lake, na nyuma yake maji ya Ziwa na vilima vya Igogo, hakumpata pimbi peke yake. Amepata na kazi yake, na adui yake, na nyumba yake, na nchi yake.

Picha kama hiyo ina kazi kubwa kuliko kupendeza macho. Wanyama wengi waliokuwako kando ya Ziwa zamani hawaonekani tena, na mahali pao pamekuwa mashamba na nyumba. Wajukuu wa siku zijazo watauliza ni wanyama gani waliokaa hapa, na walikaaje. Picha ya kweli, iliyoandikwa chini yake mahali, siku na jina la mnyama, itawajibu. Lakini ni heri zaidi kama wajukuu hao, baada ya kuitazama, wataweza kutoka nje, kupanda kilimani, na kumkuta mnyama yule yule juu ya jiwe lile lile.

Maswali

1. Kwa nini picha za zamani za uwindaji zaonyesha zaidi wanyama waliokufa?
2. Akeley alishindwa kupiga picha za Wanandi na simba. Alifanya nini baada ya kushindwa?
3. Eleza jinsi filamu ya Selig ilivyokuwa uongo, na kwa nini watu waliipenda.
4. Upepo wa Ziwa huvuma kutoka wapi mchana, na kutoka wapi usiku? Eleza sababu yake.
5. Tazama mjusi au ndege mmoja karibu na nyumbani kwa siku tatu bila ya kumgusa. Andika saa atokazo, mahali apendapo kukaa, na mambo anayoyaogopa.